Kumwombea Mama Njaa

Katika misemo yote ya Waswahili niijuayo, sijapata kuona mkali kuliko huu: adui mwombee njaa. Hautaji upanga wala moto, wala hautaji maradhi. Wazee walioutunga walikuwa wameyaona madhila mengi ya dunia, nao katika hayo yote wakachagua moja. Nilipokuwa mtoto niliusikia mara nyingi na kila mara niliukubali bila swali, kwa sababu mama aliyenizaa aliijua njaa kwa sura na kwa jina. Mwaka wa 1974, mvua zilipokosekana na mahindi ya njano yaliyoletwa kutoka ng'ambo yakawa ndiyo chakula cha watu wengi, yeye alikuwa na miaka 23 na mtoto mmoja mgongoni. Mtoto huyo ni mimi. Alinihadithia baadaye jinsi alivyokuwa akinipa uji, kisha yeye mwenyewe akatia maji katika sufuria, akasuuza, akanywa yale maji.

Basi sikudhani hata kidogo kwamba ingefika siku ambayo ningeketi ukingoni mwa kitanda chake, mikono nimeinua, nikimwomba Mungu ampe mama yangu njaa.

Mwaka wa 2019 mama alikatwa mfuko wote wa tumbo kwa sababu ya saratani. Madaktari wa hospitali moja kubwa waliifanya kazi yao kwa ustadi. Waliunganisha umio na utumbo, wakamshona, na baada ya majuma matatu tukarudi naye Tanga akiwa hai. Tuliambiwa ale kidogo kidogo mara sita kwa siku, atafune sana, na asinywe maji mengi pamoja na chakula. Yote haya niliyaandika katika karatasi nikaibandika ukutani jikoni. Lakini jambo moja hatukuambiwa, au pengine tuliambiwa na kwa furaha ya kurudi hatukusikia: ya kwamba pamoja na mfuko ule mama alikuwa ameondolewa sehemu kubwa ya njaa yake.

Nilimpikia kila nilichojua kuwa alikipenda. Nilimpikia wali wa nazi laini kama wa mtoto, mchuzi wa papa, mkate wa kumimina, uji wa mchele wenye pilipili manga. Alikitazama chakula kwa adabu, kama mtu atazamavyo mzigo wa jirani uliowekwa barazani kwake. Akichukua kijiko kimoja, cha pili alikipeleka mdomoni kwa ajili yangu, na cha tatu hakikufika. Siku moja nilimwuliza kama ni ladha iliyomchukiza. Akanijibu, "Chakula kizuri, mwanangu, lakini hakiniiti."

Neno hilo lilinikaa moyoni. Katika miezi mitano alishuka kutoka kilo 58 mpaka kilo 44, naye hakulalamika hata mara moja kuwa tumbo li tupu. Nafikiri mtu akikonda huku analia njaa, walio karibu naye hujua la kufanya. Akikonda kwa utulivu, nyumba nzima hushikwa na bumbuazi.

Ndipo alipokuja mdogo wangu kutoka Dar es Salaam. Yeye ni kitinda mimba wetu, wakati huo alikuwa na miaka 31. Mchana alikuwa dalali wa magari na jioni akinyanyua vyuma ili atunishe misuli. Alikuja na kikasha cha barafu kama kile cha wauza aiskrimu, akanivuta mpaka ua wa nyuma. "Dada," akasema, "nimemletea mama dawa." Ndani mlikuwa na vichupa vitano, kila kimoja kidogo kuliko kidole gumba, na chini ya kila kichupa unga mweupe ulioshikamana kama chumvi iliyopata unyevu. Juu yake paliandikwa GHRP-6, na kwa herufi ndogo zaidi, kwa Kiingereza, kwamba kitu hiki ni cha utafiti wa maabara na si cha kutumiwa na binadamu. Yeye alikuwa amekwisha kujidunga kwa miezi minne. Wenzake katika jumba la mazoezi ndio waliomwelekeza, nao waliagiza kwa simu kutoka kwa watu wasiowajua. Nilipomwuliza chafanya nini, alicheka. "Chakuza mwili, Dada. Lakini kwanza chaleta njaa. Ukijidunga, haizidi nusu saa, waweza kula mlango na bawaba zake."

Jioni ile nilishuhudia kwa macho yangu. Tulikaa watatu mkekani. Mdogo wangu alikuwa ametoka msalani, nami nilijua alichokifanya humo. Alikula sahani ya kwanza ya wali, akaongeza ya pili, akapangusa bakuli la mchuzi kwa mkate, kisha akawa anatazama sufuria. Mama hakujua lolote. Alimtazama mwanawe kwa uso uliong'aa ambao sikuuona tangu siku ya kupasuliwa, akaisukuma sahani yake mwenyewe, ambayo haikuguswa, mpaka mbele ya yule kijana. "Kula, baba, kula." Naye akala na hicho. Mmoja alikuwa na njaa iliyonunuliwa, mwingine hakuwa nayo kabisa, nami katikati yao nilishindwa kumeza.

Kazi yangu ni ualimu wa kemia katika shule ya sekondari. Sikuweza kulala kabla ya kujua kitu kile ni nini, na kwa majuma mawili nilisoma usiku. Mwenye kuchoshwa na mambo ya maabara na anisamehe. Kwangu hayakuwa mambo ya maabara.

Mwili huunda protini kwa kutunga asidi za amino moja baada ya moja, kama mwanamke atungavyo ushanga. Ushanga mrefu ndio protini. Mfupi huitwa peptidi. Ule wa kichupani una chembe sita tu: histidini, triptofani, alanini, triptofani tena, fenilalanini na lisini. Siri yake imo katika chembe ya pili na ya tano. Asidi za amino zinazojenga protini za viumbe, ila ile moja iliyo ndogo kuliko zote, zina umbo tuwezalo kuliita la mkono wa kushoto. Maabarani mtu aweza kutengeneza ndugu zao wa mkono wa kulia, mfano wa sura katika kioo. Chembe hizo mbili ni za mkono wa kulia. Vimeng'enya vya mwili, vilivyozoea kukata shanga za kushoto, hukuta hapo kitu wasichokizoea na kukawia, na katika kukawia huko peptidi hupata nafasi ya kufanya kazi yake.

Aliyeongoza kazi ya kuutunga ni Cyril Bowers, tabibu na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Tulane katika mji wa New Orleans, pamoja na wenzake, miongoni mwao Frank Momany aliyekuwa hodari wa kupiga hesabu za maumbo ya molekuli. Walianzia mahali ambapo mimi nisingepatarajia, yaani kwenye enkefalini, vitu vya mwilini vilivyotambuliwa mwaka wa 1975 vyenye tabia ya afyuni. Waliichukua moja, wakaibadili chembe zake, na mwaka wa 1977 wakaeleza kwamba peptidi walizozipata zaweza kuifanya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo imwage homoni ya ukuaji, ingawa ile tabia ya afyuni imetoweka. Hizo za kwanza zilikuwa dhaifu, zikifanya kazi katika vyombo vya maabara tu. GHRP-6, iliyotangazwa mwaka wa 1984, ndiyo iliyofanya kazi hata katika mnyama aliye hai.

Hapo katikati, mwaka wa 1982, watu wengine walikuwa wamekwisha kuipata homoni ya ubongo yenyewe inayoiamuru tezi ile, nao waliitoa katika uvimbe wa kongosho. Ingekuwa rahisi kudhani kwamba ushanga wa New Orleans ulikuwa mwigo wa hiyo. Haukuwa. Ulikuwa ukifungua mlango mwingine, na mlango huo hapana aliyeujua. Mwaka wa 1996 watafiti wa kampuni ya Merck waliuona mlango wenyewe, yaani kipokezi kilicho katika tezi na katika ubongo, wakakipa jina la vitu vya kutengenezwa vinavyokiamsha kwa kuwa mwenyewe hasa hakujulikana. Kwa muda wa miaka mitatu kipokezi kile kilikuwa yatima. Nimewafundisha watoto kemia zaidi ya miaka ishirini, na sijui kisa kingine kinipendezacho kama hiki, cha watu waliofua ufunguo karibu miaka ishirini kabla ya kuiona kufuli.

Mwenye mlango alipatikana Osaka, Ujapani, mwaka wa 1999. Masayasu Kojima, Kenji Kangawa na wenzao walipata homoni yenye chembe 28, na katika chembe ya tatu imeshikizwa asidi ya mafuta yenye kaboni nane. Bila ya mafuta hayo kipokezi hakiitiki. Waliiita ghrelini. Mpangilio wa chembe zake haufanani na ule ushanga wa chembe sita, na bado zote mbili huingia katika kufuli ile ile. Lakini la kushangaza lilikuwa mahali ilipotoka. Haikutoka katika ubongo. Ilitoka katika mfuko wa tumbo, hasa sehemu yake ya juu.

Niliposoma hapo nilikifunga kitabu nikaenda kusimama uani. Kile kilichokuwa kikimwita mama chakulani kilikuwa kimetiwa katika ndoo ya hospitali.

Yaliyofuata niliyasoma kwa haraka na kwa tamaa. Mwaka wa 1995 ilielezwa kwamba panya wakitiwa GHRP-6 katika ubongo hula, hata kama homoni ya ukuaji haikuongezeka. Maana yake njaa na ukuaji ni kazi mbili za ufunguo mmoja. Mwaka wa 2001 watu wazima wenye afya waliotiwa ghrelini mshipani walikula chakula cha mchana kwa wingi uliozidi kwa asilimia 28. Mwaka huo huo, katika mji wa Seattle, ilionekana kwamba homoni hii hupanda katika damu kabla ya kila mlo na kushuka baada yake. Nilimkumbuka mama katika miezi ya Ramadhani, jinsi alivyokuwa akijua bila saa kwamba magharibi imekaribia. Na tena katika Osaka, mwaka wa 2010, madaktari walieleza kuwa watu waliokatwa mfuko wote wa tumbo, kama yeye, walipodungwa ghrelini kwa siku kumi, walikula zaidi ya wenzao wasiodungwa.

Sasa msomaji ataona nilivyokuwa. Maarifa yote niliyokuwa nayo yalikuwa yakiniongoza kwenye mlango wa friji, ambako mdogo wangu, kabla ya kurudi Dar es Salaam, aliacha kichupa kimoja na sindano mbili nyuma ya ndimu.

Nilikipeleka kichupa kwa daktari aliyekuwa akimwangalia mama. Ni kijana, angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Alikigeuzageuza mwangani, akaniambia, "Mwalimu, hapa pameandikwa jina. Nani aliyekupimia kilichomo?" Sikuwa na jibu; katika maabara yetu ya shule tuna burete na karatasi za litimasi. Akaendelea kwamba homoni ya ukuaji ikizidi, ini hutoa kitu kiitwacho IGF-1 kinachohimiza chembe za mwili zizaliane, na kama imebaki chembe moja ya saratani mahali, nayo itausikia mwito huo. Wale wa Osaka walipewa homoni yenyewe, iliyopimwa, hospitalini, mbele ya macho ya waganga. Halafu akanitajia kidonge kimoja, anamorelini, kiingiacho katika kufuli ile ile, kilichojaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu waliodhoofika. Matokeo yake yalitangazwa mwaka wa 2016: nyama ya mwili iliongezeka, lakini nguvu ya mkono kukamata haikuongezeka. Wakaguzi wa dawa wa Ulaya walikikataa mwaka wa 2017. Baadaye, mwaka wa 2021, Ujapani ilikikubali kwa baadhi ya saratani, ikiwamo ya tumbo, na sisemi kwamba walikosea. Mgonjwa anayekonda hahitaji hoja nyingi ili apokee kilo mbili.

Nilimshukuru daktari nikatoka nimekasirika. Hasira yangu haikuwa na haki yoyote, maana alikuwa amesema kweli tupu. Nilikuwa nimekwenda kwake nikitaka ruhusa.

Usiku wa siku ya tatu mama alikunywa nusu kikombe cha uji kutwa nzima. Ilipofika saa saba nilikwenda jikoni, nikawasha taa, nikatoa kichupa na sindano na maji ya kuchanganyia, nikavipanga juu ya meza kama nipangavyo vyombo vya mtihani. Niliandika hesabu ya kilo 44 nyuma ya bahasha. Nilikuwa nimekwisha kupangusa kifuniko kwa spiriti sauti yake ilipotoka chumbani: "Nani huyo jikoni?"

Ningeweza kusema ni mimi, nanywa maji. Badala yake nilikwenda nikaketi kando yake nikamweleza yote: New Orleans na Osaka, ushanga na kufuli, na sahani tatu za mdogo wangu. Alisikiliza kwa makini, akataka kukiona. Nilimpa. Alikishika mbele ya taa kwa vidole vilivyobaki mifupa.

"Njaa imo humu?"

"Imo, Mama. Ya kutengenezwa."

"Na hii yajua kama nimefunga au nimefungua?"

Nilisema haijui. Akanyamaza kitambo, kisha akacheka kicheko kile cha puani. "Haya, tuseme imenijia. Imenishika kama ilivyomshika mdogo wako, nataka sahani tatu. Chakula chake nitakitia wapi, nanyi mmekwisha nikata tumbo?" Nami sikujibu. Akasema tena, sasa bila kucheka, "Mwaka ule wa mahindi ya njano niliona njaa na chakula hakuna. Sitaki niione mara ya pili chakula kikiwapo. Mwanangu, wewe waniombea au waniapiza?"

Nilikuwa nimesoma majuma mawili na swali hilo sikulikuta popote. Watafiti walikuwa wamepima chakula kilicholiwa, na uzito, na damu. Mimi nilikuwa nimepima kilo. Mama alikuwa akipima njaa yenyewe, kwa kuwa kati yetu wote ni yeye aliyewahi kukaa nayo nyumba moja.

Asubuhi nilikivunja kichupa na kukizika. Mdogo wangu alipojua alinikasirikia sana. "Wewe na vitabu vyako, Dada, mtamwua mama kwa njaa," aliniambia katika simu, na ingawa mambo yalikuwa mazito sote wawili tulisita kidogo juu ya neno hilo, kwa jinsi lilivyokaa upande. Yeye mwenyewe aliendelea kujidunga mwaka mmoja zaidi. Nilimwambia kwamba vitu hivi vimo katika orodha ya vilivyoharamishwa kwa wanamichezo duniani kote. Akanijibu kuwa yeye hashindani na mtu. Aliacha siku alipochoka, kwa maneno yake, kuamrishwa na tumbo lake.

Kwa mama tulishika njia ya saa. Nilinunua saa ya mezani yenye kengele, nikaitega mara sita kwa siku. Kengele ikilia alikaa kitako, akasema bismillahi, akala vijiko vyake kama mtu alipaye deni kwa mafungu: kijiko cha uji wenye karanga, yai, kipande cha embe, maziwa. Hakupata kuniambia kuwa kilimwita. Uzito ulisimama kwenye kilo 43, ukakaa hapo, baadaye ukapanda moja, mbili. Mungu alimjalia miaka miwili mingine.

Katika masomo yangu ya usiku nilikuwa nimepita haraka juu ya jambo moja, kwa sababu wakati ule halikunisaidia. Mwaka wa 2003 watafiti walipata panya waliozaliwa bila ghrelini kabisa, na panya hao walikula na kukua karibu sawa na wenzao. Inaonekana mwili hauweki wito wote katika kinywa kimoja. Nililikumbuka jambo hilo asubuhi moja, yapata mwezi wa kumi tangu mama apasuliwe. Jirani alikuwa akikaanga, na moshi ulipita dirishani. Mama aliinua uso kutoka mtoni.

"Papa huyo?" akauliza.

Nilisema huenda. Saa haikuwa imelia bado. Ilibaki zaidi ya nusu saa. "Nataka papa," akasema, halafu akakunja uso kama aliyesikia sauti yake mwenyewe katika chumba kingine. "Au nakumbuka tu. Sijui."

Nilichukua kikapu nikaenda Mgandini. Papa alikuwa amekwisha, nikapata ng'onda wawili wadogo, na bei yao ilikuwa ya kuonea. Nikarudi nikawaloweka, nikawapika kwa nazi. Alikula matonge matatu, akalamba kidole, na kilichobaki akaniagiza nimwekee mdogo wangu, aliyekuwa njiani kuja.